Harusi ya Mende

Nikinusa sukari ikiungua na ndimu, mpaka leo huziba pua. Kwa wengine hiyo ni harufu ya halawa tu, ile ya kung'olea nywele, aliyoipika mama kwenye saluni alikofanya kazi, mtaani kwetu Satwa, ughaibuni. Mimi humwona mende, chali, kavaa shela.

Balaa hilo aliliingiza nyumbani dada yangu Zuhura. Alisoma habari za mzee mmoja wa zamani, katika watu wa mwanzo kabisa kutengeneza sinema za vikaragosi, aliyewachezesha mbawakawa waliokufa. Unang'oa miguu, unairudisha kwa waya na nta, unaisogeza kidogo, unapiga picha, unaisogeza tena, hadi picha zikifuatana mdudu anaonekana anatembea. Jengo letu lilipopuliziwa dawa, Zuhura akaokota mende ngazi nzima, atengeneze sinema ya harusi ya mashindano ya shule, na mimi ndiye nimshikie kopo. Kefule! Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana.

Baba, mlinzi wa hoteli kule Garhoud, alikuwa hali chakula nzi akikigusa. Alisema mara moja tu: "Isipochaguliwa shuleni, nautupa uchafu huu wote. Khalas."

Nta hatukuwa nayo, Zuhura akagandishia miguu kwa halawa ya mama. Sukari, jamani! Ijumaa tuliamka tukakuta sisimizi wanamburura bibi harusi kwa shela yake, mguu mmoja umebaki nyuma. Nikatapika. Zuhura alilia, kisha akachukua simu ya mama akapiga picha moja moja, huku analia, hadi bibi harusi akaishia kwenye ufa wa ukuta.

Shuleni waliikataa. Mwalimu alisema inachefua, na kweli ilichefua. Jioni Zuhura alimwonyesha baba, halafu akaleta mfuko wa taka mwenyewe.

Baba aliitazama mara mbili, uso kaukunja. "Wanampeleka wapi huyu?"

"Kwa mumewe, baba."

"Mbona mume simwoni?"

"Sikupata mende mzuri."

Baba akaenda kulala.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na sare yake mwilini, mkono kaunyoosha mbali na mwili, kashika tishu kwa ncha za vidole. Ndani, mbawakawa mkubwa mweusi wa bustani ya hoteli.

"Haya, chukua upesi!" akamwambia Zuhura, akakimbilia bafuni. Tukamsikia akitapika.

Nilikasirika, nikaona sasa na baba kashikwa wazimu. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba baba yetu hakujua kumwambia mtoto "endelea", na kwamba toka Garhoud hadi Satwa alipanda basi na kitu kile mkononi.