Maji ya Goti ya Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza mu labo ya hospitali, pale Butembo, Chef aliniwekea kachupa ka dawa mu kwapa, akacheka: “Mwana, courant ikikatika, kwapa njo étuve ya Mungu!” Étuve, bana bangu, ni sanduku ya umeme ya kutunza joto sawa ile ya mwili. Na baridi ya Butembo munaijua.

Tulikuwa tunapima enzyme ya maji ya biungo. Enzyme ni kitu kidogo ya mwili yenye kukatakata na kubadilisha bitu bingine. Mutu akiwa na rhumatisme ile mbaya, yenye mwili inashambulia biungo byake yenyewe, enzyme inazidi. Docteur anavuta maji mu goti na sindano. Sisi tunatia dawa, tunatunza mu joto nusu saa, tunaangalia rangi. Ikikolea, ni alama ya ugonjwa. Lakini bila joto enzyme inalala, inakudanganya. Na Docteur wetu, karatasi yetu ya majibu aliiamini kupita macho yake.

Mama Kavira alitoka Vuhovi, mulimaji, kijana bado. Magoti imevimba, bidole binamuuma kila asubuhi. Ile siku courant ilikatika. Mi nilikuwa nimevaa shati mupya, nyeupe, sababu saa sita nilipaswa kufika ku harusi ya dada yangu. Niliogopa jasho na dawa bitaichafua. Kachupa ka maji ya goti yake nikakaacha ku meza, mu baridi. Juu ya shati! Rangi haikukolea. Nikaandika: enzyme chini, hapana ugonjwa.

Docteur alimuambia: “Mama, ni uchovu tu. Rudia ku shamba.” Alifurahi, maskini. Akanipa asante ya Kinande: “Wasingya, mwana wangu.” Nikaenda kucheza harusi.

Kisha balinihamisha Beni. Chef wa kule alikuwa mukali. “Ukikosea, sema leo,” alituambia. “Kesho uongo itakuwa na bibi na batoto.” Nilisikia aibu, lakini sikusema.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, mama mumoja aliingia, bidole byote bimepinda upande moja. Kupima enzyme ya nini tena? Alikuwa Kavira. Vita ilimukimbiza, sasa anakaa Bungulu, mutaa ya Beni, na batoto bake. Alifurahi kuniona, ee Mungu wangu! Nilimuambia yote, mpaka shati.

Kavira akauliza:

“Donc, kumbe sikukuwa muvivu? Bwana yangu alileta bibi mwingine juu ya ile karatasi. Alisema labo haikuona kitu, mi nakataa tu kulima. Alikufa na ile neno. Batoto nabo banaiamini mpaka leo. Kuja ubaambie.”

Nilichelewa. Uoga, bana bangu, haizeeki. Nilienda Bungulu siku ile nilianza retraite, kazi imeisha. Batoto, bakubwa sasa, baliketi. Nilieleza mpaka mwisho. Binti yake wa kwanza, Masika, aliangalia mikono ya mama yake, akaniuliza:

“Papa, ile wakati tulikuwa tunamucheka, anashindwa kushika jembe, alikuwa anaumia?”

“Ndiyo,” nilisema. “Kila asubuhi.”