Neno la Thani juu ya Bunduki ya Sleyum

Mume wangu Thani hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alikuwa mfupi, mpenda wali, mzito wa kuamka. Kwetu Unguja alikuwa fundi wa baiskeli na cherehani pale Darajani, na lau si mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, angekufa fundi wa baiskeli na mimi nisingekuwa na la kuniinamisha uso.

Tulifika Maskati, Omani, na masanduku mawili na ufunguo wa nyumba yetu ya Malindi, nyumba ambayo haikuwa yetu tena. Tukapanga Matrah, nyuma ya soko. Baiskeli hapakuwa, cherehani zilikuwa za kuhesabu. Kilichokuwa tele ni bunduki. Kila mwanamume aliyeteremka kutoka milimani alikuwa nayo begani, na nyingi zilikuwa Martini, zile ndefu za risasi moja moja, ambazo majeshi ya Waingereza yaliziacha zamani yalipopata mpya. Thani akaifungua moja, akaitazama, akasema chuma ni chuma. Baada ya mwaka alikuwa fundi wa bunduki.

Akagundua kuwa si kila Martini ni Martini. Nyingine zilifuliwa kwa nyundo na tupa na mafundi wa milimani huko mpakani mwa Pakistani, wakaiga kila kitu mpaka taji la malkia na mwaka ubavuni. Kwa macho yangu zilikuwa pacha. Thani alikuwa akifungua skrubu mbili na kulinganisha meno ya skrubu hizo, kisha akiutundika mtutu kwa kamba na kuugonga kwa ule ufunguo wa Malindi. Ya asli ililia, sauti nyembamba iliyokawia kufa. Ya bandia ilisema ko, basi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, mimi na jiko langu tuko nyuma ya pazia, kwa hiyo hata mimi sikio langu lilizoea.

Watu walikicheka Kiarabu chake. Alikuwa akiomba maji na watoto wa mtaa wanamwigiza. Lakini kwenye bunduki hakuna aliyecheka. Wazee wa makabila walikaa barazani kwetu wakimsubiri aseme asli au bandia, na akishasema, hakuna aliyekwenda kumuuliza mwingine. Katika nchi ambayo hatukuwa na shamba wala ukoo wa karibu, neno lake ndilo lililotuweka mjini. Nilikuwa nikijivuna nalo, wala sifichi.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Bi Kheiria, mjane, naye wa kutoka Unguja kama sisi. Marehemu mumewe, Sleyum, tulimjua tangu huko. Hana kitu, ila ana hadithi moja: kwamba kwao Omani kuna Martini ya asli ya babu yake, imefungwa pete za fedha, inamngojea. Darajani nzima tulimwita Sleyum Martini. Alipofika huku na kuikuta kweli kwa kaka yake, Marhoon, aliitundika ukutani na kukaa chini yake kama aliyeoa upya. Mwaka wa sitini na sita akafa, akamwachia mwanawe wa pekee, Yaarub, bunduki ile na jina lile.

Wakati huohuo palikuwa na mhandisi mmoja Mzungu wa kampuni ya mafuta, mkusanyaji wa silaha za zamani. Alikuwa ameshauziwa tatu za bandia sokoni, akazitundika kwake, wenzake wakamcheka mpaka akazishusha. Akamjia Thani na ahadi: nitafutie moja ya asli, isiyochezewa, nami nitakuingiza kwenye karakana ya kampuni. Mtu wa Unguja wakati ule, hata karatasi ya kukaa nchini aliisumbukia. Thani alikuwa haongei jambo jingine. Akila, karakana. Akitoka kusali, karakana.

Ndipo siku moja asubuhi Bi Kheiria akaja na Martini ya Sleyum, ameifunga kanga. Spring'i ilikuwa imekatika.

"Na hebu nitazamie, Bwana Thani," akasema. "Wallahi si kwamba nna shaka. Yaarub anakwenda Kuwaiti kutafuta kazi, nataka aondoke anajua baba yake alimwachia nini."

Nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia skrubu, nikasikia kamba, nikasikia ufunguo. Mtutu ukalia. Ukalia mpaka nikaacha kupepeta, maana sijapata kusikia uliolia vile.

Nikamsikia Thani akiuweka ufunguo chini. Halafu akasema, "Pole, Bi Kheiria. Ya bandia."

Sikutoka nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipokosa mimi, na kosa langu silichanganyi na lake. Ningeweza kukohoa tu.

"Alinambia mimi," nilimsikia Bi Kheiria akisema. "Mimi mkewe. Miaka ishirini na mitatu ananambia." Kisha, kwa sauti ndogo, "Ifukie, itupe, sitaki kuiona tena. Na nakuomba, Bwana Thani, usimwambie mtu. Tumsitiri marehemu."

Thani akamwapia kwamba hatamwambia mtu. Kiapo hicho alikitimiza sawasawa.

Wiki ya pili bunduki ilikuwa kwa mhandisi, mwezi wa pili Thani alikuwa karakana ya kampuni na kofia ya bati kichwani. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Mwanamke, chuma kile kingemfaa nini mjane?" Nikapika wali wa mshahara wa kampuni, nikaula. Mhandisi alipokwenda kwao moja kwa moja, Martini ya Sleyum ilikwenda naye.

Lililonitesa ni haluwa. Kila Idi, Bi Kheiria alituletea sahani ya haluwa, imejaa mpaka ukingoni, kwa kuwa tumemtunzia siri ya mumewe. Kwetu ni aibu kurudisha sahani ya jirani tupu, basi na mimi nilimrudishia mkate wa kumimina. Akinishukuru, natazama miguu yangu. Nilisema moyoni, Idi ijayo nitamwambia. Zikapita Idi sita.

Mwaka wa sabini, Sultani mpya aliposhika nchi, mambo yakafunguka na watu wakaanza kurejea, Yaarub akarudi kutoka Kuwaiti kuoa. Harusi ikawa uani kwa mzee Marhoon. Wanaume walikuwa wamekaa na kahawa, bunduki mapajani, wakingoja kuanza razha, ngoma yao ya mapanga. Sisi wanawake tulikuwa dirishani juu. Mmoja akatania, "Yaarub, Martini ya baba yako i wapi leo?"

Yaarub hakucheka. "Ilikuwa bandia," akasema. "Bandia kama maneno yake yote."

Dirishani Bi Kheiria akashika ukingo wa mbao. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwanawe.

Thani akaweka kikombe chini, akasimama. Alisema kwa Kiarabu chake kile kibovu, na hakuna aliyemwigiza. "Ilikuwa ya asli. Mimi nilisema uongo."

Mzee Marhoon akatabasamu. "Mungu akulipe kheri, Thani. Unamsitiri marehemu mbele ya mwanawe."

"Simsitiri! Nilimpa Mzungu, nikapata kazi!" Akaapa. Akaapa tena. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kutazamana. Mwisho Yaarub akamuuliza, kwa adabu, "Ami, mama yangu ulimwambia neno moja, leo wasema jingine. Nishike lipi?"

Bunduki yenyewe ilikuwa Ulaya, kwenye ukuta wa mtu. Kilichobaki kuithibitisha ni neno la Thani, na neno hilo alikuwa ameshalimaliza mwenyewe. Akaketi, na nikaona mikono yake haijui pa kukaa.

Bi Kheiria akanigeukia. "Nasriya, siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo," nikasema. "Ililia, Bi Kheiria. Nilisikia ikilia."

Hakupiga kelele. Ningeomba apige. Alinitazama usoni, akasema, "Na haluwa yangu ukala." Akateremka ngazi kwenda kwa mwanawe, na nilisikia akimwita Sleyum kwa jina, anamwomba radhi yule aliye kaburini.

Thani aliacha kazi ya kampuni, akarudi chumba cha mbele. Spring'i zilizokatika watu walimletea. Kuuliza asli au bandia, hakuja mtu.

Idi iliyofuata nilioka mkate wa kumimina, nikaupeleka mlango wa pili kwenye sahani yangu ya maua mekundu. Jioni ileile sahani ikarudi. Imeoshwa, imefutwa, tupu. Niliipokea kwa mikono miwili.