Maziwa Yaliyochujwa Mara Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Chujio anamimina soya iliyosagwa juu ya kitambaa, anakusanya ncha nne, anakamua mpaka mishipa ya mikono inasimama. Maji meupe yanashuka kwenye sufuria. Anayapitisha kwenye kitambaa cha pili, kizito zaidi, halafu cha tatu. Ndipo anawasha jiko.

Jina hilo alipewa na wateja. Ana miaka hamsini na nne, na kwa miaka tisa ametengeneza maziwa ya soya katika chumba cha nyuma na kuyauza kwenye meza mbele ya mlango wake. Wengine huchuja mara moja, yeye mara tatu.

"Hayakwaruzi koo," anasema. "Hiyo ndiyo iliyonipa jina. Na hiyo hiyo nusura iniulie mjukuu."

Anasema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

Mjukuu ni wa kike, mtoto wa binti yake wa pekee, fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Alipofikisha mwaka na mwezi mmoja aliachishwa ziwa, mama yake akarudi kazini, bibi akabaki naye. Wakaanza maziwa ya ng'ombe. Kila akinywa anatapika, na mwili unatoka vipele. Kliniki wakaambiwa maziwa hayo yanamkataa, wayaache kabisa.

"Tukasema ahsante, tukaondoka," anakumbuka. "Hakuna aliyeuliza tumpe nini badala yake. Mimi niulize nini, na mwenyewe nauza maziwa?"

Basi akampa yale mazuri, ya kitambaa cha tatu, na ili yasimlemee tumboni akayaongeza maji yaliyochemshwa. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, katikati uji mwembamba. Mtoto alijaa tumbo upesi, kingine hataki. Hakutapika tena. Nyumba ikashusha pumzi. Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa yalikwenda kwa jirani anayefuga kuku.

Ikapita miezi minne. Mashavu ya mtoto yakajaa, miguu ikajaa. Wateja wakamwita Bonge. "Bibi yako anakupa nini, na sisi atupe?" walimtania, na Mama Chujio akacheka, maana yalikuwa matangazo ya bure.

Wa kwanza kushtuka alikuwa jirani wa kuku. Alimwambia, "Dada, kuku wangu wakila machicha yako wanarukaruka. Huyu wako mbona amekaa tu?"

"Nilimkasirikia. Nikamwambia asilinganishe mjukuu wangu na kuku."

Wiki ile ile binti alikuwa anamvisha mtoto soksi. Akabonyeza mguu. Shimo la kidole likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akamtazama kichwani, akaona nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya kutu, na zinatoka na kitana.

Hospitalini walisema ni utapiamlo, kule kunenepa ni uvimbe. Mtoto wa mwaka na nusu alikuwa na kilo saba na nusu, na ndani yake mlikuwa na maji. Walilazwa siku ishirini na tatu. Uvimbe uliposhuka, Bonge akaondoka, akabaki mtoto mwenye mbavu za kuhesabika.

"Kumbe tulikuwa tunasifia maji," anasema bibi.

Akina mama wenzangu, hapa msikilize vizuri. Mama Chujio alimuuliza mtaalamu wa lishe pale wodini kama kosa ni kumwachisha mtoto maziwa ya ng'ombe. Mtaalamu akamjibu hivi: "Bibi, ng'ombe si lazima, watoto wengi wanakua bila yeye. Lazima ni chakula. Ukitoa maziwa, weka yai, weka samaki, maharage, mboga, mafuta kidogo. Wewe ulitoa chakula ukaweka maji meupe." Na kwa ambaye hajafikisha mwaka, akasema, si maziwa ya soya ya mezani wala ya ng'ombe yanayokaa mahali pa ziwa la mama. Likikosekana, kliniki ndiyo ielekeze.

Tangu siku hiyo meza ya Mama Chujio ina swali.

"Chupa mbili, mama," anasema baba mmoja kijana, kofia ya kazi kichwani.

"Za nani?"

"Unaniuliza kama polisi?"

"Za nani, mwanangu?"

"Za mtoto. Ana miezi saba. Mama yake anasema ziwa halitoshi."

"Siuzi. Mpelekeni kliniki leo, wako wazi mpaka mchana."

"Basi niuzie mimi. Nina miaka thelathini na meno yote."

"Wewe kunywa. Hapa hapa, nikuone."

Kijana anacheka, anakunywa amesimama, anarudisha chupa. Wengine hawacheki, wanahama meza. Zamani alimaliza chupa arobaini kwa siku. Sasa akifika ishirini na mbili anashukuru.

Lakini si chupa zinazomkosesha raha. Tangu watoke hospitali, miezi saba sasa, binti humwacha mtoto kwa mlezi karibu na karakana. Kwa bibi humleta Jumamosi tu, na kumlisha humlisha mwenyewe.

"Hajanitukana. Afadhali angenitukana," anasema Mama Chujio. "Ananiamkia, ananiletea sabuni. Ila kijiko anashika yeye."

Binti naye hakatai. "Mama simlaumu, hata mimi nilimwita Bonge. Ila akishika kikombe cha mtoto, mkono wangu unakwenda wenyewe kukichukua."

Leo ni Jumamosi. Saa nne wanafika. Mtoto ana miaka miwili na mwezi mmoja, na bado anatembea kwa kushika ukuta. Mama Chujio amekwenda mara sita kwenye mafunzo ya mapishi ya watoto pale kliniki, na anataka kumaliza yote kumi. Ombi lake ni moja, aachiwe mjukuu japo siku moja ya kazi.

Anaweka bakuli mezani: maharage na yai, vimepondwa kwa mwiko, maganda yanaonekana. Hakuna kilichopita kwenye kitambaa. Anarudi nyuma hatua mbili, mikono ameificha ndani ya kanga.

Binti anatazama bakuli. Anafungua mkoba, anatoa kijiko alichokuja nacho, anachota kidogo, anaonja mwenyewe. Anatafuna taratibu. Kisha anamlisha mtoto.

Kijiko hakibadilishi mkono. Wanapoondoka, bibi anaosha bakuli na kulifunika.

"Leo ameonja," anasema. "Jumamosi iliyopita hakuonja."