Kidole cha Mama Adela

Rhoda, muuguzi, alihamia Ufipa akiwa bado na mume. Siku walipoteremka kwenye kituo cha afya cha misheni, nje ya Sumbawanga, Enock ndiye aliyebeba godoro. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zikaachiwa huru, mpaka wa Tunduma ukachangamka, na Enock akaenda huko kuuza vitenge na sabuni. Mwanzoni alikuwa akirudi. Baadaye akawa anatuma salamu. Baadaye hata salamu zikakatika.

Nyumba ya muuguzi ilielekea upande wa upepo. Wenyeji walimheshimu, lakini walipocheka walicheka kwa Kifipa, na yeye, mtu wa Tukuyu, alitabasamu wenzake walipokwisha kunyamaza. Aliyemzoea ni Mama Adela, mjane wa nyumba ya pili, ambaye kila jioni alimwita jikoni kwake waote moto. Kuna jioni walimaliza bila kusema neno. Walikaa tu, kila mmoja na mawazo yake, na kwa Rhoda hiyo ilitosha.

Daktari mmoja mgeni alikiachia kituo mashine ndogo ya kupimia oksijeni kwenye damu. Ilikuwa na kibanio kama cha kuanikia nguo. Ukikibana kwenye kidole, taa nyekundu hupenya nyama na mashine husoma rangi ya damu: yenye hewa ya kutosha hung'aa, iliyopungukiwa huwa nyeusinyeusi. Kisha hutoa namba. Ikifika tisini na kitu, mtu anapumua vizuri.

Shida ilikuwa Ufipa yenyewe. Kuanzia Juni watu walifika vidole vikiwa vimekufa ganzi, na kwenye kidole cha baridi damu hupita kidogo mno, haisomeki. Mashine ilimtangaza mahututi mkulima aliyekuwa akitaniana na wenzake pale barazani. Ndipo Rhoda akaanza kumshikisha kila mgonjwa kikombe cha bati chenye uji wa moto kabla ya kumpima. Namba zikapanda, zikatulia. Ikawa desturi ya kituo.

"Dada Rhoda, na mimi nina homa ya kikombe," walimtania.

Lakini desturi ile ilimzoesha vibaya. Kila alipoona namba ndogo, aliilaumu baridi.

Julai, Mama Adela akaletwa na majirani, kifua kimembana, mbavu zikiingia na kutoka. Nje, Urbano, dereva wa misheni, alikuwa akifunga turubai juu ya magunia ya mahindi, tayari kwenda mjini. Mjini kulikuwa na mitungi ya oksijeni. Kituoni hapakuwa na hata mmoja.

Rhoda akabana kidole. Themanini na moja.

"Ni baridi, mama. Shika kikombe."

Themanini na mbili. Akachemsha uji mwingine. Mama Adela akauliza kwa sauti iliyokatika kama wanamnenepesha ili wamuuze. Rhoda akacheka, akakikunjia kile kiganja ndani ya kanga yake, akasugua. Urbano akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna mgonjwa wa kwenda. Rhoda akamwambia asubiri kidogo. Akapima tena. Themanini.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kiganja alichoshika kilikuwa cha moto, kinatoka jasho. Akachovya kidole chake mwenyewe kwenye maji baridi ya kunawia, kisha akakibana kwa kibanio. Namba ikarukaruka, na kwenye kioo cha mashine kimstari cha mapigo ya moyo kikawa hakionekani vizuri. Akakirudisha kibanio kwa Mama Adela. Kimstari kikapanda na kushuka kwa nguvu, bila kusita. Damu ilikuwa inapita vizuri kabisa, na mashine ilikuwa inaisoma sawasawa. Baridi haikuwa na kosa. Ni yeye aliyetaka iwe na kosa, kwa sababu hakutaka gari lile limchukue mtu huyu.

"Mama, unakwenda mjini sasa hivi."

"Sitaki." Akavuta pumzi. "Wewe utabaki na nani?"

Rhoda akamwita Urbano, wakashusha magunia mawili kupata nafasi, wakamketisha mbele na blanketi la wodini.

Mama Adela alipona. Habari ililetwa na Urbano: alilazwa siku kadhaa kwenye oksijeni, na sasa yuko kwa mwanawe Raphael, fundi cherehani pale Sumbawanga, anawagombeza wajukuu kutwa nzima. Rhoda alishukuru, akashukuru tena, kisha akauliza kama atarudi kuvuna ulezi wake.

Urbano akatazama matairi ya gari. Alisema Raphael amekataa. Upepo wa huku utammaliza mama, amesema, na nyumba ya mama ameshampangisha mfanyabiashara wa kutoka Mbeya.

"Basi ni vizuri," Rhoda akasema. "Namba ilikuwa ya kweli."

Jioni ile mpangaji alifika na mizigo yake. Alimwamkia Rhoda kwa adabu kutoka uani, akaingia ndani, akafunga mlango kwa sababu ya upepo.