Chupa Nne za Mwaka wa Jua

Kila Jumatatu nilikagua tarehe. Nilikuwa nafanya kazi katika duka la vyakula na vinywaji vya nje, katikati ya mji wa Bujumbura, na nilifika pale kwa miguu kutoka mtaa wa Kinama, kwa hiyo kabla sijashika kazi nilikuwa nimeshachoka. Nilichukua maziwa ya kopo, juisi, biskuti, nikatazama namba zilizoandikwa chini. Kilichopita muda tulikiita perime. Shule niliishia darasa la sita, na katika Kifaransa chote neno hilo ndilo nililolijua vizuri. Vilivyo perime nilivitia kwenye katoni, kisha vya maji nikavimwaga kwenye mtaro nyuma ya duka, mtu asije akaviokota akaumwa.

Jumatatu moja mwenye duka aliniongezea rafu ya divai.

"Na hapo uangalie," alisema, akatoka.

Sikuuliza niangalie nini. Mimi si mtu wa kuuliza.

Divai nyekundu karibu zote zilitoka shamba moja la Ufaransa. Karatasi zilizobandikwa kwenye chupa zilifanana: nyumba ndogo ya mawe, miti miwili, maandishi ya kujipinda. Kilichotofautiana ni namba ya mwaka tu. Chupa sita zilikuwa na mwaka wa zamani, mwaka ambao mimi bado nilikuwa nasoma. Nilishangaa zimekaa muda wote huo bila mtu kuzitoa. Nikazibeba nje.

Vizibo vilinitoa jasho. Nilivisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Nilikuwa kwenye chupa ya nne, imebaki kidogo chini, aliponijia muuzaji wetu, mzee wa Uvira, Kongo, ambaye wote tulimwita Papa. Harufu ndiyo iliyomleta.

"We mutoto, unafanya nini?"

"Perime, Papa."

"Nani alikuambia?"

"Mwaka, Papa. Umepita."

Akakaa juu ya kreti. Nilidhani atanipiga, lakini alicheka, kicheko kisicho na nguvu.

"Ule ni mwaka walivuna zabibu. Si mwaka wa kufa! Kama ni hivyo, hata mi ni perime. Nimwage na mi mu mtaro."

Kile kilichobaki alikimimina kwenye kikombe cha chai. Kwenye kikombe kingine akaweka kidogo kutoka chupa ya kuonjesha wateja, ya shamba lile lile, lakini ya mwaka mwingine.

"Kunywa. Umeshaharibu, basi ujue umeharibu nini."

Ya kwanza ilikamata ulimi, halafu ikauachia polepole, ikabaki kooni kama kitu cha moto kidogo. Ya pili ilikuwa kali mbele na nyuma haina kitu, kama maji yaliyosuuzia chungu.

"Shamba moja, mwenyewe mumoja," alisema Papa. "Ule mwaka wa zamani jua lilikaa, zabibu zikaiva. Huu mwingine mvua iliwakuta wakivuna. Zabibu zilikunywa maji."

Hilo halikuhitaji shule. Mama yangu anatengeneza pombe ya ndizi, na ndizi za mgomba ule ule zikikatwa kwenye mvua nyingi, pombe yake watu wanaipokea kwa heshima tu.

Mwenye duka aliporudi hakupiga kelele. Alizihesabu chupa tupu, kisha mbili zilizobaki. Chupa zile sita alikuwa amemwahidi mzee mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud. Jumamosi mzee huyo alikuwa anarudi na kijana wake kwa wazazi wa msichana, kuposa. Safari ya kwanza alikuwa amepeleka divai ya mwaka wa mvua. Baba wa msichana aliishi Ulaya miaka mingi, anaijua divai. Alionja, akaiweka chini, na glasi zote zikabaki zimejaa. Mzee alirudi nyumbani bila jibu.

"Weka mbili za kweli juu kwenye katoni," mwenye duka aliniambia. "Nne za ule mwaka mwingine weka chini. Zote zifunge gazeti. Kama unataka kubaki hapa, funga vizuri."

Nilifunga vizuri. Papa alikuwa anafuta rafu ambayo ilikuwa safi.

Yule mzee wa Mutanga Sud alikuja saa tisa mchana, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote licha ya joto. Nilimletea katoni.

"Asante, binti yangu. Safari hii hawataniachia glasi zimejaa."

Alinyoosha mikono. Mimi sikuiachia katoni. Tukabaki tumeishika wote wawili.

"Mzee," nilisema, na sauti ilitoka ndogo sana, "nne si zenyewe."

Mwenye duka akacheka. "Msamehe. Huyu mtoto hata kusoma hajui."

"Mwaka ninajua kuusoma."

Mzee aliiweka katoni mezani, akafungua magazeti moja moja, bila haraka. Akazipanga: mbili huku, nne kule.

"Na zile nne nyingine ziko wapi?"

"Nilizimwaga. Nilifikiri zimekufa."

Aligeuza chupa moja, akausoma mwaka. Sijui kama alitaka kucheka au kulia.

"Mbili zinatosha kwa baba na mama wa msichana," alisema. "Sisi wengine tutakunywa bia."

Akazifunga zile mbili mwenyewe, akaondoka nazo kifuani.

"Aproni iache," mwenye duka aliniambia.

Niliivua nikaikunja. Papa alinisindikiza mpaka mlangoni. Akanishika bega, akarudi ndani.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikatafuta viatu gizani, ndipo nikakumbuka. Nikarudi kitandani. Nililala mpaka saa nne. Tangu nianze kazi ile sikuwa nimelala hivyo.