Mtani Hakasiriki

Veneranda Luhende alipoambiwa kwamba Mwalimu Xavery amekufa, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Mwongo!"

Hakumaanisha Nestory, mdogo wake, aliyekuja kumpokea stesheni ya Tabora akiwa ameshika kofia mkononi. Alimaanisha maiti. Kwa jinsi alivyomjua Xavery, mzee yule angeweza hata kufa, ili mradi tu asiketi naye mbele ya ubao wa sataranji Jumamosi ile mbele ya watu.

"Amekufa kweli, dada," Nestory alisema. "Presha. Wanamzika kesho mchana, Cheyo."

Veneranda alikalia begi lake palepale kando ya behewa lililomshusha, abiria wakimpita kulia na kushoto na magunia yao ya vitunguu. Aliyemwona angedhani analia. Wapi! Alikuwa na hasira za mtu aliyenoa kisu miaka nenda miaka rudi, akafika zizini akakuta ng'ombe amekufa kibudu.

Huyu Veneranda ni mtu wa Usoke, mtoto wa wakulima wa tumbaku, Mnyamwezi wa kuzaliwa na kukulia. Lakini ukimtafuta kwenye mashindano ya sataranji utamkuta chini ya bendera ya Zambia, na mbele ya jina lake wameandika Bingwa Mkuu, cheo ambacho mchezo wenyewe hauna kingine juu yake. Wazambia wanamwita mama yetu. Tabora, kwa miaka mingi, walimwita msaliti. Na aliyewafundisha kumwita hivyo ni huyohuyo aliyemfundisha kucheza.

Xavery alikuwa Mluguru. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli akazaa humo, na mtoto akawa mwalimu wa hesabu. Alipendwa, tusimnyime haki yake. Jioni alifungua darasa, akapanga kete, akafundisha yeyote aliyetaka. Kabla ya kusogeza kete alikohoa mara moja, akasukuma miwani juu ya pua, na mwanafunzi akishika farasi kisha akaghairi, mwalimu alimgonga kidole kwa chaki: "Ukigusa, umecheza!" Veneranda alikuwa msichana wa bwenini, mwembamba, mkaidi. Hakupita muda akawa anamfunga mwalimu mwenyewe, na Xavery akawa anacheka na kusema, "Huyu mtani wangu ataniua."

Mtani, ndiyo. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, wakigombana nao njiani na kuzikana nao njiani. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kuku, atakuambia mbele za wakwe kwamba baba yako alikuwa mwizi wa mihogo, nawe utacheka. Huna ruhusa ya kununa. Mtani hakasiriki, na akikasirika, aibu ni yake.

Basi ikaja safari. Timu ya taifa ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya dunia, na kutoka kanda ya magharibi alitakiwa msichana mmoja. Xavery ndiye aliyekuwa akipeleka majina. Veneranda alikuwa amewafunga wasichana wote wa kanda, akiwemo Julieth, binti wa dada yake Xavery, ambaye uchezaji wake ulikuwa wa kumwomba Mungu tu. Mama yake Veneranda alimshonea gauni la safari, akamsindikiza kutoka Usoke mpaka Tabora, wakafika stesheni wamebeba karanga za kukaanga na furaha yao.

Wakamkuta Julieth ameshapanda treni. Koleta, mke wa Xavery, alikuwa akimpitishia begi dirishani. Xavery akamgeukia Veneranda mbele ya umati, akakohoa, akasukuma miwani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kichwa cha treni: "Mtani! Kwa hiyo uliamini? Mnyamwezi atapanda ndege abebe mzigo gani kichwani?"

Stesheni nzima iliangua kicheko. Mama yake alicheka kwa adabu, maana ni mtani aliyesema. Na Veneranda naye akacheka. Hapo ndipo penye kidonda chake mpaka leo. Angepiga kelele, angemrarua yule mzee shati, leo angekuwa amesahau. Alicheka, akaipungia mkono treni iliyobeba nafasi yake, akarudi Usoke na gauni lake jipya.

Kwa Mluguru, mpwa ndiye damu yake, ndiye mrithi, na kumpendelea mpwa kunasameheka kwa mtu mwenye moyo mpana. Veneranda hana moyo huo wala hautafuti. Lakini kulikuwa na la pili. Baadaye alikuja kuambiwa na mchezaji mmoja wa Dar es Salaam kwamba Xavery aliwapigia simu wakubwa akasema Veneranda hatakwenda, amepata mimba. Toka hapo hakuna aliyemwita tena kwenye timu. Ndipo alipofunga mizigo akamfuata shangazi yake aliyeolewa Ndola, Zambia.

Ndola alianza upya. Aliuza nyanya asubuhi na kucheza jioni, akachukuliwa na klabu, klabu ikamtafutia mashindano, mashindano yakamtafutia uraia. Alicheza kwa chuki, na chuki ilimlea vizuri kuliko mama mzazi. Kila aliyeketi mbele yake alimvika miwani ya Xavery akilini mwake, kisha akamnyonga taratibu. Siku alipokutanishwa na Julieth, kwenye mashindano ya Afrika, angeweza kummaliza mapema. Hakutaka. Alimla askari mmoja mmoja, akamla farasi, akamla malkia, akamwacha mfalme anazunguka peke yake kama kuku aliyekatwa kichwa, mpaka binti wa watu akatoka ukumbini analia.

Redio za nyumbani zikamwuliza Xavery ana lipi la kusema. Akasema, "Tulimlea wenyewe, akatusaliti." Neno likaota miguu. Usoke kijiji kizima kikalirudia. Mama yake Veneranda aliacha kwenda sala za jumuiya, kwa sababu kila akiingia walinyamaza. Naye Veneranda huko aliko akaapa: hatakanyaga Tabora mpaka Xavery akubali kusema ukweli kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mama akaugua, hakuja. Mama akafa, hakuja. Nestory alimpigia simu akilia, akamjibu, "Nimeapa." Mtu anayeweza kujibu hivyo usicheze naye, si sataranji, si kitu chochote.

Mwaka huu vijana wa sataranji wa Tabora walimwomba aje awachezee. Alikubali kwa sharti moja: mpinzani wa kwanza awe Xavery, hadharani, na atakayefungwa ajibu swali moja la mwenzake mbele ya ukumbi. Hakuna aliyetegemea mzee atakubali. Akakubali. Alimtumia salamu kwa kijana mmoja: "Mwambie mtani aje. Ukigusa, umecheza." Veneranda alikata tiketi siku hiyohiyo.

Sasa Xavery amekufa, na kwetu marehemu hasemwi vibaya.

"Hasemwi," Veneranda alimwambia Nestory, akiinuka kwenye begi, "ila na mtani wake."

Nestory alimwangalia dada yake, akaanza kufungua mdomo, akaufunga.

Kesho yake mchana nyumba ya Xavery pale Cheyo ilijaa. Jeneza lilikuwa uani, kwaya imekaa tayari, Padri anatazama saa. Ghafla mlangoni mwa nyumba akatokea Mwalimu Xavery: koti lake la kahawia, miwani yake, bakora yake, na chaki sikioni. Kulikuwa na mshtuko, kisha mtu akasema, "Mtani huyo! Veneranda wa Usoke!" na kilio kikageuka kicheko, kama inavyotakiwa mtani anapovaa nguo za marehemu na kumwigiza.

Alitembea kwa mwendo wa Xavery, goti la kushoto likivutwa kidogo. Akakohoa. Akasukuma miwani. Wanafunzi wa zamani walishikana wasianguke.

"Jamani, mimi Xavery," alisema. "Nimekufa kwa woga. Kuna Mnyamwezi alikuwa anakuja Jumamosi kunifunga."

Vicheko.

"Mimi ndiye niliyemwondoa kwenye safari nikampeleka mpwa wangu, hajui hata farasi anaruka vipi. Nikapiga simu Dar nikasema msichana ana mimba. Mimba yenyewe nimeibeba mimi, iko hapa tumboni mpaka leo!"

Wakacheka mpaka machozi. Mzee mmoja wa Kiluguru akampiga mgongoni, "Mtani unajua! Marehemu angefurahi!" Naye Veneranda akiwa ndani ya koti la adui yake akahisi baridi. Alikuwa ameyasema yote, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja aliyeyasikia. Utani uleule uliomziba mdomo stesheni ulikuwa umemziba tena.

Walipofika makaburini aliwatangulia. Akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu akaining'iniza ndani, akaweka bakora juu ya magoti. Watu wakafurahi. Mtani akizuia kaburi hupewa chake, akaondoka. Waluguru wakaleta jogoo.

"Sitaki jogoo."

Wakaongeza mbuzi, kwa maneno tu, wakicheka.

"Sitaki mbuzi. Nataka neno. Mama Koleta aseme hapa, ni nani aliyenitoa kwenye ile treni, na ni nani aliyenizushia mimba. Akisema, mtazika. Asiposema, mtalala hapa na maiti yenu."

Kicheko kilianza, kikakosa wa kukipokea. Sauti ilikuwa si ya Xavery tena. Alikuwa amevua miwani, na macho yalikuwa mekundu. Yule mzee wa Kiluguru akamwinamia, akasema kwa upole, "Mtani, ukikasirika utani umekwisha."

"Utani ulikwisha stesheni, babu. Nilikuwa namaliza kicheko tu."

Wabebaji walishusha jeneza chini. Julieth, aliyekuwa amesimama nyuma ya jeneza la mjomba wake, sasa mama mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alitazama udongo. Padri alimwita Veneranda "Mama, tafadhali," hakuitikiwa. Nestory alimvuta dada yake bega, akakung'utwa kama inzi. Na jua la Tabora unalijua.

Koleta akainuka kwenye mkeka wa wafiwa. Wanawake walitaka kumshika, akawaondoa mikono yao. Akaja mpaka upande wa pili wa kaburi, akasimama.

"Ni Xavery," alisema. "Alimtoa huyu akamweka mpwa wake. Begi nililipitisha mimi dirishani. Na simu ya mimba alipiga nikiwa nimekaa pembeni yake. Nilimwambia hiyo ni dhambi, akaniambia nyamaza. Nikanyamaza. Huyu hakuisaliti nchi. Alifukuzwa."

Wanafunzi wa zamani, majirani, watu wa Usoke waliokuja na lori, wote waliokuwa wakisema msaliti, walimwangalia Veneranda kama wanaomwona kwa mara ya kwanza. Na ilikuwa tamu. Nisiseme uongo kumpendezesha Padri: ilikuwa tamu kuliko ushindi wowote aliowahi kuupata, na aliiacha imkae mdomoni. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, alisema moyoni, akilitazama jeneza.

"Umeridhika?" Koleta akamwuliza.

"Nimeridhika, mama. Ila nilitaka kulisikia kwake. Niliapa nilisikie kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu."

Koleta alimtazama kwa muda. Haikuwa chuki. Afadhali ingekuwa chuki.

"Alilisema, mtani."

"Lini?"

"Kwenye maziko ya mama yako. Alifunga safari mpaka Usoke, na lile goti lake. Mtani hawezi kukosa msiba wa mtani. Alivaa kanga ya marehemu, akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, hivyohivyo kama ulivyokaa wewe. Akasema: 'Mimi ndiye niliyemwibia binti wa huyu mama safari, nikamzushia mimba, nikamwita msaliti. Mama, ukifika huko nishtaki.' Akakataa jogoo. Alisema analitaka neno kwa binti. Akauliza binti yuko wapi. Alikuulizia mara nyingi, mtani. Akakaa pale mpaka wakamwinua kwa nguvu."

Kama Xavery alikuwa anatubu, au alikuwa anakejeli mpaka juu ya maiti, sasa hakuna wa kuulizwa. Mtu wa kumsoma usoni siku ile, mtu aliyemjua namna anavyokohoa kabla ya kusogeza kete, alikuwa Ndola na kiapo chake.

Veneranda alitoa miguu kaburini. Vidole vilitafuta vifungo vya koti la marehemu, vikakosa tundu. Akageuka kumtafuta mdogo wake katikati ya watu.

"Nestory. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, dada."

"Ukaninyima neno hilo miaka yote hii?"

Nestory alikuwa ameshika kofia mkononi, anaizungusha.

"Tulidhani ni utani," alisema. "Tulicheka, dada. Wote tulicheka."