Bima ya Mkono

Mimi, mwenye cheti cha ngumbaru chenye muhuri (kiko ukutani, kimefunikwa nailoni, na mvua ikinyesha kinahamishwa kabla ya watoto), niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba wageni wanakuja kwetu Ijara kukatia watu bima ya mkono, na kwamba ukiwa na mkono mbovu unalipwa palepale. Leo nacheka. Siku ile, wallahi, ningepata shimo ningeingia.

Habari yenyewe niliipata kwa shangazi yangu, Edo Dekha, mwenyekiti wa akina mama wanaopika uji wa lishe nyuma ya zahanati kwa watoto waliodhoofika. Wafadhili wa uji huo walikuwa wanakuja kuamua kama wataendelea kuleta unga au wataacha, na gunia la mwisho lilikuwa limelegea kama puto la jana, kwa hiyo Edo alikuwa amekikataa Kisomali wiki nzima, anafanya mazoezi ya Kiswahili na kila kiumbe, hata mbuzi wake walikuwa wanasalimiwa "hamjambo". Akanikuta sokoni akaniambia, "Jumatano wageni nakuja. Kazi ni bima mkono. Ufike mabema."

Mtu mwingine angeuliza swali. Mimi neno bima nilishalisoma darasani, nikaona elimu yangu sasa inazaa, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai kuwafafanulia wazee bima ni nini (niliongeza chumvi kidogo, nikasema mkono uliovunjika ni sawa na ngamia mmoja), nao wakaamini kwa sababu hapa kwetu jina langu ni Mwalimu.

Uamuzi wangu mwenyewe ulikuwa mdogo tu: nivae plasta. Plasta sina, nikachovya vitambaa kwenye unga wa anjera, ile mikate yetu laini ya asubuhi, ambao mke wangu Sahra alikuwa ameuloweka usiku kucha, nikajizungushia mkono mzima.

"Huo si unga wa chai ya asubuhi?" akauliza Sahra.

"Huo ni uwekezaji," nikamjibu, nikatoka kukauka juani.

Jumatano ilipofika, nusu ya Ijara ilikuwa nyuma ya zahanati imefunga mikono kwa vitambaa. Mzee Bare alikuwa amefunga yote miwili. "Mwalimu," akaninong'oneza, "mimi mbili. Nalibwa mara mbili?"

Gari la wageni likasimama, akashuka mama mmoja wa miwani kutoka Nairobi, akatutazama, akarudisha mguu mmoja ndani. "Kumetokea mapigano hapa?" Dereva hakuzima injini. Edo Dekha akatutazama sisi, akalitazama sufuria lake, na ile midomo iliyofanya mazoezi wiki nzima ikaanza kutetemeka, maana gari likigeuka uji umekwisha, na nyuma yake alikuwa ameketi mama amempakata Sahal, mtoto ambaye mwezi uliotangulia hakuweza hata kuinua kichwa.

Nikajitosa kuokoa jahazi. "Mama, ni amani tupu! Sisi ni majeruhi wa bima!"

Ndipo mbuzi wa Edo, wale wale wa "hamjambo", wakasikia harufu ya anjera. Wa kwanza akaanza kiwikoni. Wa pili akashika kidole gumba. Mgonjwa wa mkono hawezi kupiga mbuzi makofi, kwa hiyo nikavumilia kishujaa mpaka wakawa kama mia tatu, nikakimbia kulizunguka gari, plasta inamong'onyoka, na nilipokuja kujitambua ninawafukuza kwa mikono yote miwili, mizima kabisa. Mama wa miwani alicheka mpaka akashikilia mlango. Dereva akazima injini ili acheke vizuri.

Edo hakucheka. Alitoa mfukoni kiutepe chenye rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, akamvisha Sahal juu ya kiwiko, akakivuta taratibu kuona mkono umenenepa kiasi gani. Kila mtu akasogea kutazama, nadhani hata mbuzi. Alama ikasimama kwenye njano. "Mwezi jana," akasema, "nyekundu." Na akina mama wengine, kama ishirini hivi, nao wakatoa tepe zao, kila mmoja akishika mkono wa mwanawe.

Subhanallah. Nimeuona mto Tana ukifurika na kubeba nyumba na paa lake, lakini sijawahi kunyamazishwa kama nilivyonyamazishwa na kile kiutepe. Mimi na cheti changu nilidhani njaa huonekana mbavuni. Wanawake wale, ambao hawajakalia dawati hata siku moja, walikuwa wanaiona ikiwa bado mkononi, haijafika usoni, na wanairudisha ilikotoka kwa upawa wa uji.

"Unga utaendelea," yule mama akasema, akijifuta macho, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya kicheko au ya nini.

Tangu hapo, kila Jumatano mimi ndiye ninayesugua lile sufuria, na sitafsiri neno lolote kabla sijauliza mara tatu.

Lakini siku ile, wageni walipoondoka, Edo akanijia, akanizungushia ule utepe mkononi (ulikataa kufika), akakunja midomo, akakusanya mazoezi yote ya wiki ile, na ile herufi isiyokuwemo katika Kisomali chetu ikapasuka kama bisi.

"Pima, Mwalimu. Nilisema pima. Na ni watoto."